Utando mwembamba kwenye modeli ya joto: piga hesabu kabla ya kuchora wavu

Wiki iliyopita hapa Jinja nilikaa na mwanafunzi ambaye laptopu yake ilikuwa inaganda kila akiendesha modeli ya pistoni. Pistoni ina kipenyo cha milimita 100, juu yake utando wa zirkonia (kauri inayozuia joto) wa milimita 0.3. Alikuwa ameujaza utando vijichemraba vya milimita 0.1: zaidi ya elementi (vipande vya wavu ambavyo kompyuta hukokotoa joto lake) milioni 2 kwenye utando peke yake!

Ndugu zangu, kwanza gawanya unene (kwa mita) kwa upitishaji joto; jibu ndilo ukinzani wa utando dhidi ya joto. Zirkonia ya kupuliziwa ina takriban 1 W/mK, kwa hiyo ukinzani ni 0.0003 m²K/W. Zidisha kwa mtiririko wa joto, tuseme 500,000 W/m², unapata tofauti ya digrii 150. Huwezi kuupuuza utando huo, lakini huna haja ya kuuchora: weka ukinzani huo kwenye uso wa juu wa chuma cha pistoni, au tumia elementi za ganda (za uso tu, ambazo unene wake huandikwa kama namba bila kuchorwa). Tulifanya hivyo, jibu likatoka kabla chai haijapoa.

Rangi ya mabati ya nyumba ni kinyume chake. Hata jua kali la saa saba halileti nusu digrii ndani ya unene wake. Shughulika na kiasi cha mwanga inachofyonza.

Ila kwenye pistoni, ukitaka kujua joto linavyobadilika ndani ya mzunguko mmoja wa injini, ukinzani pekee hautoshi, kwa kuwa hauhesabu joto ambalo utando wenyewe hulihifadhi na kulitoa. Hapo panga elementi bapa, tabaka nne au tano, nyembamba zaidi upande wa moto.