Somo: Namna ya kumtaja “mwenzangu” kwa Kiingereza

Ninaandika somo hili ili nipate mahali pa kuwaelekeza wote wanaoniuliza swali lile lile kuhusu kumtaja mwenzao kwa Kiingereza. Wengi wenu ni waongoza watalii, wapagazi na wahudumu wa hoteli hapa Arusha na kule Moshi, na mnaandikia watu ambao hawajawahi kuwaona, wasio na kitu kingine cha kuwapimia isipokuwa maneno yenu.

Hatua ya 1. Mtu unayempenda na kumwamini ni “friend”.

Hatua ya 2. Mtu mnayefahamiana tu ni “acquaintance”. Katika mazungumzo ya kawaida sema “someone I know”.

Hatua ya 3. Acha kuandika “my fellow”. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu Kiswahili kinaturuhusu kumwita mtu mwenzetu bila kutaja tunachoshirikiana, iwe ni darasa, kazi, safari au ndoa, na msikilizaji akaelewa kutokana na mazungumzo yenyewe. Kiingereza hakina neno la jumla la namna hiyo, bali kinakutaka utaje kile kinachowaunganisha: wa darasani ni “classmate”, wa chumbani ni “roommate”, wa timu ni “teammate”, na wa kazini ni “colleague” au “workmate”. Neno “fellow” katika maana hii hutangulia nomino, kama katika “my fellow guides”. Likisimama peke yake humaanisha mwanamume fulani, tena kwa lugha iliyokwisha kuchakaa kidogo, au mwanachama wa chuo au jumuiya ya wasomi. Kwa hiyo ukimwandikia mgeni “My fellow will meet you at Machame Gate”, atasubiri nomino ambayo haiji. Andika “My colleague will meet you at Machame Gate”.

Hatua ya 4. Tumia “partner” kwa uangalifu mkubwa. Katika Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, nchi wanachama zinaitwa “Partner States”, na neno limekaa mahali pake kwa kuwa kuna makubaliano rasmi kati yao. Lakini mtu binafsi akisema “my partner” bila kutaja biashara, Waingereza wa leo huelewa kwamba anamzungumzia mume, mke au mpenzi wake. Dereva mnayefanya naye kazi usimwite hivyo mbele ya wageni. Onyo la pili linahusu fedha: usiandike “business partner” kumhusu mtu uliyemwajiri, kwa maana katika ubia wa kawaida wabia huwajibika kwa madeni ya biashara, na maandishi ya namna hiyo yanaweza kuleta ugomvi mkubwa siku mambo yakiharibika.

Hatua ya 5. “Associate” ni mtu mnayehusiana naye kikazi au kibiashara. Usimwite rafiki hivyo, kwani neno ni baridi, na polisi nao hulitumia kwa watu wanaoandamana na mshukiwa. “Accomplice” ni mshiriki wa uhalifu, na “crony” ni swahiba wa kubebana katika upendeleo. Hayo mawili msimpe mtu mnayemheshimu.

Hatua ya 6. “Mate” ni la Waingereza na Waaustralia, “buddy” ni la Wamarekani. Mwache mgeni alianze yeye.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Sakina: Mwalimu, sijapata muda wa kusoma yote. Mwenzangu ni nani kwa Kiingereza?

Jibu: Soma hatua ya 3.

Mwongozaji wa Njiro: Bosi wangu huandika “my fellow” kila siku na wageni wanaelewa. Huoni kwamba unatia chumvi?

Jibu: Sitii chumvi. Mgeni aliyekwisha kufika atakuelewa kwa wema wake, lakini yule anayelinganisha kampuni kadhaa akiwa kwao hana sababu ya kukusaidia kuandika.

Mwanafunzi wa Mweka: Shikamoo mwalimu. Hukuligusa neno “companion”. Je, asili yake ni nini?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza. Ni mtu anayefuatana nawe, hasa safarini, na chimbuko lake ni Kilatini: “com” ni pamoja, “panis” ni mkate, yaani wanaokula mkate pamoja. “Mate” nalo lina asili ya kugawana chakula, na “comrade” latokana na neno la Kihispania la chumba, yaani wanaolala chumba kimoja. Utaona kwamba kula na kulala pamoja ndiko kulikozaa majina haya, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kambini mlimani atalielewa upesi. Tahadhari moja tu: usitangaze kazi yako kwa maneno “female companion available”, kwa sababu wasomaji wengi watafikiri ni biashara ya mapenzi. Andika “female guide”.

Mpagazi wa Machame: Mimi linaniudhi “my porters”, kana kwamba tumenunuliwa. Kuna namna nyingine?

Jibu: Una haki kabisa, na ningependa waongozaji wote wakusikie. Andikeni “our crew” au “our mountain team”, kisha mtaje kila mtu kwa jina na kazi yake: mpishi, mwongozaji msaidizi, mpagazi.

Mhudumu wa hoteli, Moshi: Nikimtaja rafiki yangu wa kike, niseme “my girlfriend”?

Jibu: Wanawake wa Kimarekani husema hivyo wao kwa wao, lakini mwanamume akilisema humaanisha mpenzi. Sema “a friend of mine”, kisha endelea na “she”.