Jinsi ya Kuomba Rufaa na Vipimo Mirija ya Nyongo Inapovimba

Fomu ya kuomba kipimo ikinifikia dirishani imeandikwa "maumivu ya tumbo" na hakuna kingine, najua mgonjwa huyo atarudi. Mpiga ultrasaundi atatafuta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, hatavikuta, ataandika hakuna tatizo, na mgonjwa ataondoka na mwasho wa ngozi ambao hakuna aliyeuandika. Kipimo hujibu kilichoulizwa. Kwa hiyo hapa nitaeleza zaidi namna ya kuuliza.

Mirija ya nyongo hupeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mwembamba. Ikivimba muda mrefu hupata makovu na kubana, nyongo inakwama, na ini linaanza kuharibika. Nasema kuvimba, sisemi uvimbe. Maneno haya mawili yakichanganywa hutisha watu bure.

Kwanza, dharura haisubiri fomu

Homa ya kutetemeka, macho kuwa ya njano na maumivu chini ya mbavu za kulia vikija pamoja, achana na miadi, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alizieleza dalili hizi tatu mwaka 1877, na hadi leo zinamnyanyua daktari kitini. Mara nyingi mrija umeziba, kwa kawaida kwa kijiwe, na bakteria wamezaliana nyuma yake. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, hali ni mbaya zaidi. Watamtoa damu ya kuotesha bakteria, wataanza antibiotiki, na mrija utazibuliwa.

Ukifika mapokezi usiseme "homa ya manjano". Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu, na utapelekwa foleni isiyo yako. Sema: "Ana homa, na macho yamekuwa ya njano."

Yanayofuata ni ya magonjwa yanayokwenda polepole.

Pili, andika karatasi yako kabla ya kumwona daktari

Andika mwasho ulianza lini, kama unazidi usiku, na kama unakaa viganjani na kwenye nyayo. Andika rangi ya mkojo na ya choo: nyongo isipofika utumboni, mkojo hukolea na choo hupauka kama udongo. Orodhesha dawa zote, mitishamba ikiwemo, pamoja na antibiotiki ulizomaliza wiki chache zilizopita, kwa kuwa zipo dawa zinazokwamisha nyongo zenyewe. Kisha andika lile ambalo watu huona aibu kulitaja: kuharisha kwa muda mrefu, au damu kwenye choo. Utaona baadaye kwa nini.

Tatu, damu

Omba vipimo vya ini vyenye ALP na GGT, ambavyo ni vimeng'enya, pamoja na bilirubini, rangi ya njano ya nyongo. ALP ndiyo hupanda zaidi mirija ikiwa na shida, lakini mifupa nayo huitoa, kondo la nyuma vilevile, hivyo mtoto anayekua au mjamzito anaweza kuwa nayo juu bila ugonjwa wowote. GGT ikipanda pamoja nayo, shaka inahamia kwenye ini na nyongo. Chukua nakala yenye tarehe na uitunze. Daktari bingwa atataka kujua kama ALP imekaa juu kwa miezi 6 au zaidi, na asipoona majibu ya zamani, unaanza kuhesabu upya.

Nne, ultrasaundi

Usile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa. Mzee mmoja aliniapia hajala kitu, kumbe alikunywa maziwa njiani. Maziwa yana mafuta, mfuko wa nyongo ukajikamua, na kwenye skrini ukaonekana kama kamba iliyojikunja. Tukampa tarehe nyingine. Ultrasaundi huonyesha vijiwe na mirija iliyotanuka vizuri, ila haitoshi kuyaondoa magonjwa haya kwenye orodha.

Tano, barua ya rufaa

Hapa ndipo pa kung'ang'ania. Mwombe daktari aandike kitu cha namna hii, kwa ajili ya bingwa wa ini na mfumo wa chakula:

"Mwasho miezi 7, unazidi usiku. ALP mara 2 ya kiwango cha juu katika vipimo viwili vilivyopishana miezi 6, GGT juu. Ultrasaundi: hakuna kijiwe, mirija haijatanuka. Naomba AMA, IgG4 na MRCP, kuangalia kama mirija imebana."

Kila neno hapo lina kazi. AMA ni kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 wenye PBC, ugonjwa unaoshika mirija midogo ndani ya ini na unaowapata zaidi wanawake wa makamo. AMA ikiwepo na ALP ikikaa juu, mara nyingi ini halihitaji hata kunyofolewa kipande. IgG4, kingamwili nyingine, inamtafuta mwigizaji: ugonjwa unaoweza kufanana na PSC (ugonjwa unaoacha makovu na kubana mirija) au hata saratani, lakini unalegea kwa dawa za steroidi. Kiwango chake kikipanda peke yake hakithibitishi kitu.

PSC haina kipimo chake cha damu. Hutafutwa kwa MRCP, picha ya sumaku ya mirija, ambapo sehemu zilizobana na zilizotanuka hufuatana kama shanga kwenye uzi.

Sita, fomu ya MRCP

Haina mionzi, lakini sumaku yake haina mchezo. Taja kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, chuma chochote mwilini, na kama uliwahi kuingiwa na vumbi la chuma jichoni. Sema pia kama una ujauzito.

Saba, fomu ya ridhaa

Ukiletewa fomu ya ERCP, ambapo mpira wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye tundu la mrija, uliza kabla ya kusaini: tunatafuta ugonjwa au tunatibu? ERCP inaweza kufanya kongosho livimbe, ndiyo maana MRCP hutangulia na ERCP huachiwa kuzibua, kupanua au kuchukua chembe za uchunguzi. Kwa kunyofoa kipande cha ini, taja dawa zozote za kuzuia damu kuganda na uhakikishe damu yako imepimwa ugandaji.

Mwisho, kuchukua majibu

Omba ripoti na picha zenyewe kwenye diski, si ripoti peke yake. Bingwa atapenda kuziangalia kwa macho yake. MRCP ikisema mirija ni safi, usichane barua ya rufaa: mirija midogo haionekani humo, na hapo ndipo kipande cha ini huweza kutoa jibu.

Ikisema PSC, omba fomu ya kolonoskopi, kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, hata kama huharishi. Wengi wenye PSC wana vidonda vya utumbo mpana, na baadhi hawana habari. Kwenye fomu hiyo mwambie daktari aandike "PSC" waziwazi, ili mpimaji achukue vipande kila sehemu ya utumbo mpana hata akiuona mzima.