Kuwavuta chozi bustanini kwa maua

Chozi, yule ndege mdogo wa maua, hufuata mbochi, yale maji matamu yaliyo chini ya ua, na mdomo wake uliopinda unafaa hasa maua marefu kama bomba. Hunywa akiwa ametua, kwa hiyo mmea uwe na bua au kitawi cha kushika.

Anza na shubiri. Ng'oa vichipukizi vya kando vya sentimita 15 hivi, viache kivulini siku tatu hadi tano jeraha likauke, kisha panda kwa nafasi ya sentimita 50. Udongo ukiwa wa mfinyanzi, changanya na mchanga, theluthi moja. Shubiri huuawa na maji mengi kuliko kiu: majani ya chini yakilegea kama yamechemshwa, mizizi inaoza. Ing'oe, kata palipooza, ikaushe upya.

Haibiskasi huota kwa vipande vya tawi vya sentimita 15 hadi 20. Toa majani ya chini, zika nusu. Chagua yenye petali tano tu. Zile zenye petali zilizosongamana hupendeza, ila mdomo haupenyi. Ukiona tundu dogo kwenye kitako cha ua, chozi ametoboa pembeni anywe kwa njia ya mkato. Huo si ugonjwa, usipulize dawa.

Tena dawa za wadudu ziache kabisa. Makinda hulishwa buibui na wadudu laini, na jike hushikiza kiota chake kinachoning'inia kwa utando wa buibui. Bustani inayofagiwa utando kila wiki chozi atakunywa na kuondoka, hatazalia hapo. Kama una migomba, acha ua linaloning'inia kwenye shina moja au mawili, maana hulipenda sana.

Chupa ya sukari ni nyongeza tu. Sukari nyeupe kipimo kimoja, maji vipimo vinne, bila rangi wala asali, kwani asali huchacha na kuota ukungu. Kwenye joto la pwani badilisha kila siku na osha kwa maji moto. Sisimizi wakivamia, ning'iniza kikombe cha maji kwenye waya, juu ya chupa.

Msimu wa kuzaliana dume huweza kupigana na kivuli chake kwenye kioo cha gari hadi achoke. Kifunike kwa mfuko wa kitambaa.