Somo: Kusomea Ukutubi kwa Elimu ya Masafa, Hatua kwa Hatua

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya walioajiriwa au wenye familia ambao hawawezi kuhamia bweni la chuo, lakini wanataka kuwa wakutubi, yaani wataalamu wa kazi za maktaba, wenye sifa kamili. Nitazungumzia zaidi Tanzania. Jambo ninaloomba msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba ukutubi ni kazi ya mikono sawasawa na ilivyo kazi ya akili, kwa hiyo moduli zinazosomwa kwenye kompyuta au simu hazitoshi. Anayejisajili bila kujitafutia maktaba ya kufanyia mazoezi anaweza kufaulu mitihani yote, lakini siku atakapokabidhiwa maboksi ya vitabu vipya na kuambiwa avipange, hatajua aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: Chagua ngazi na uhakiki chuo

Kwa miaka mingi, Mwafrika Mashariki aliyetaka taaluma hii alilazimika kwenda Makerere, ambako shule ya ukutubi ya eneo zima ilianzishwa mwaka 1963. Baadaye, mwaka 1989, chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kikawapa Watanzania nafasi ya kusoma ngazi za chini nyumbani, ingawa mwanafunzi alipaswa kuwapo darasani. Mlango wa masafa ulifunguliwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, ambacho leo kina programu za ukutubi na usimamizi wa taarifa pamoja na vituo mikoani, ambako mwanafunzi hupata ushauri na kufanyia mitihani.

Kwa shahada ya kwanza, mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu kwa kawaida humtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, na mwenye stashahada awe na wastani wa GPA usiopungua 3.0. Pakua mwongozo wa mwaka unaoomba na usome ukurasa wa programu yenyewe, kwa sababu masharti hurekebishwa, na tetesi za mtaani zimewapotezea wengi mwaka mzima.

Wapo pia wanaosoma katika vyuo vya nje. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946, IGNOU ya India ilianzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya elimu ya aina hii, na Aberystwyth huko Wales ina sifa ya muda mrefu ya kufundisha wakutubi wakiwa makwao. Kabla ya kulipa ada, iulize Tume iwapo shahada hiyo itatambuliwa nchini, na ukishahitimu uipeleke ikahakikiwe kabla hujaomba kazi.

Hatua ya pili: Tafuta maktaba ya kukulea

Fanya hivyo kabla ya moduli ya kwanza. Nenda kwenye maktaba ya mkoa, ya chuo cha ualimu, ya hospitali ya rufaa au ya shule, ukiwa na barua fupi inayoeleza unasoma nini na unaweza kujitolea siku zipi. Usiombe kufundishwa, omba kusaidia kazi ambazo wenyewe hawana muda wa kuzimaliza, kama vile kurudisha vitabu rafuni, kubandika lebo na kuhesabu vitabu mwisho wa mwaka. Mkutubi mwenye uzoefu akikuona unarudisha kitabu mahali pake kwa usahihi, atakuita mwenyewe kukuonyesha yaliyo magumu zaidi.

Hatua ya tatu: Jifunze uainishaji ukiwa na kitabu mkononi

Uainishaji ni kukipa kila kitabu namba kulingana na mada yake. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa masafa huanguka, na ndipo ninapotaka tukae zaidi. Maktaba nyingi za umma na za shule katika nchi zetu hutumia mfumo wa desimali wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao hugawa maarifa yote katika makundi 10 na kuligawa kila kundi tena na tena kwa tarakimu. Kuyakariri makundi hayo 10 ni kazi ya jioni moja. Ugumu uko katika kuamua kitabu hiki ulichokishika kinahusu nini hasa.

Chukua kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Lugha ziko katika 400, Kiswahili kiko katika 496.392, na tarakimu 3 inayoongezwa mwishoni huonyesha kuwa ni kamusi, hivyo tunapata 496.3923. Sasa chukua riwaya ya Kiswahili. Fasihi iko katika 800, fasihi ya Kiswahili iko katika 896.392, na 3 ya mwishoni hapa huonyesha hadithi za kubuni, hivyo tunapata 896.3923. Namba hizo mbili zinatofautiana katika tarakimu ya kwanza tu, na mtu mwenye haraka akiandika 8 mahali pa 4, kamusi itakwenda kukaa katikati ya riwaya, na mwanafunzi wa kidato cha nne ataondoka akiamini kwamba maktaba haina kamusi. Kitabu kilichowekwa pasipo pake hakina tofauti na kitabu kilichopotea, na ndiyo maana naisisitiza hatua hii kuliko nyingine zote.

Zoezi lenyewe ni hili. Chagua vitabu 5 rafuni, ufunike lebo zake, usome ukurasa wa jina la kitabu, yaliyomo na utangulizi, kisha uandike namba unayoona inafaa kabla ya kuilinganisha na ile iliyobandikwa. Kitabu cha historia ya Zanzibar kitakupeleka 967.81, na cha historia ya Tanzania nzima 967.8. Lakini kitabu cha biashara ya karafuu Zanzibar je? Kiende kwenye historia, kwenye uchumi au kwenye kilimo? Jibu hutegemea mwandishi amesisitiza nini, na wakati mwingine hutegemea watumiaji wa maktaba hiyo hukitafuta wapi. Namba yako ikitofautiana na ya maktaba, muulize mkutubi sababu. Majibu ya namna hiyo hayamo katika moduli yoyote.

Hatua ya nne: Zoea programu ya maktaba

Koha ni programu huria iliyoundwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, nayo haina ada ya leseni, kwa hiyo unaweza kuisakinisha kwenye kompyuta yako yenye mfumo endeshi wa Linux au kufanya mazoezi kwenye tovuti za majaribio. Jifunze kwanza sehemu chache za rekodi ya MARC, yaani muundo wa kuandika taarifa za kitabu kwenye kompyuta, ambao kila sehemu yake ina namba: 100 kwa mwandishi, 245 kwa jina la kitabu, 082 kwa namba ya Dewey na 650 kwa mada. Nyingine zitakuja zenyewe kadiri unavyofanya kazi.

Hatua ya tano: Mafunzo kwa vitendo

Kipindi cha mafunzo kwa vitendo kikifika, kiombee katika maktaba tofauti na ile iliyokulea, ili uone watu wengine wanavyofanya. Andika kila siku ulichofanya, na umwombe msimamizi asaini kila wiki, kwa sababu saini zinazotafutwa mwishoni kwa mkupuo huzua mashaka kwa mkufunzi.

Maswali ya wasomaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko kijijini wilaya ya Kasulu, na maktaba iliyo karibu ni kabati mbili za vitabu katika shule ya sekondari. Nitafanyaje hatua ya pili?

Jibu: Marahaba. Kabati hizo mbili zinatosha kabisa kuanzia. Mwombe mkuu wa shule ruhusa ya kufungua daftari la usajili wa vitabu, lenye safu za namba ya usajili, tarehe ya kupokelewa, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, kilikotoka na bei. Kila kitabu kipewe namba yake isiyorudiwa kamwe, hata nakala zikiwa 40 za kitabu kimoja cha kiada. Ukimaliza, viainishe kwa Dewey kwa tarakimu 3 tu, kwa kuwa mkusanyiko mdogo hauhitaji namba ndefu.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 46. Je, sijachelewa? Na je, ni lazima niache kufundisha?

Jibu: Hujachelewa, na usiache kazi. Elimu huria iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, na inakuruhusu kuchukua masomo machache kwa mwaka na kurefusha muda wa kuhitimu. Mwarifu mwajiri wako kwa maandishi mapema, kwa kuwa utahitaji ruhusa ya siku za mitihani, na kwa kuwa mabadiliko ya kada baadaye hudai kumbukumbu hizo katika jalada lako.

Swali: Mtandao kwetu ni wa kusuasua. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza iwapo utapanga. Nenda kituo cha mkoa au sehemu yenye mtandao mzuri mara moja kwa wiki, upakue moduli na mihadhara yote ya wiki hiyo, kisha usome nyumbani bila mtandao. Kazi za kuwasilisha usizisubirishe hadi saa ya mwisho. Zitume siku mbili kabla, na uhifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha kuwa zimepokelewa.