Somo: Kutafuta dozi ya shabu kwa majitaka ya rangi ya nguo kwa jaribio la bika sita

Majitaka ya kutia rangi pamba si ndugu wa maji ya mto yenye tope. Tope ni chembe zinazoelea, na shabu (chumvi ya alumini, kama salfeti ya alumini) huzikusanya bila taabu. Rangi ya riaktivu, yaani ile inayojifunga kikemia na pamba, imeyeyuka kabisa majini, tena ina vikundi vya salfoneti vinavyoifanya iyang'ang'anie maji. Ndiyo maana dozi inayong'arisha maji ya kisima haitikisi hata kidogo pipa la maji mekundu. Dozi haikopwi kwa jirani. Hupimwa kwa maji yako mwenyewe, na hupimwa upya kila unapobadilisha rangi.

Andaa bika sita za lita 1, bomba la sindano la ml 10 lisilo na sindano, karatasi za pH au kipima pH, mizani inayosoma hadi gramu 0.1, saa, karatasi nyeupe, glavu na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1: Jua kilichomo

Uliza kwanza ni rangi ya aina gani. Rangi za disipasi (za poliesta), na za vati na za salfa zikishaoksidishwa, hubaki majini kama chembe. Hizo shabu inaziweza. Riaktivu na rangi za asidi ndizo sugu.

Beseni la riaktivu kwa kawaida lina chumvi gramu 30 hadi 80 kwa lita, magadi soda (kaboneti ya sodiamu) gramu 10 hadi 20 kwa lita, na pH ya 10.5 hadi 11. Humo pia mna rangi iliyoikosa pamba, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 40 ya uliyopima. Rangi hiyo imeshafungana na maji badala ya nyuzi, na haitashika tena hata ukitumbukiza kitambaa kipya. Kwa hiyo kurudia beseni la zamani kwa nia ya kuokoa rangi ni kujidanganya. Unachookoa ni chumvi tu.

Sampuli ichukuliwe kwa uwiano halisi. Ukitoa lita 20 za beseni na lita 100 za suuza, changanya 1 kwa 5. Ingawa, kwa maoni yangu, beseni la kwanza ni bora litengwe: ujazo wake ni mdogo, lakini karibu chumvi yote na sehemu kubwa ya rangi imo humo.

Hatua ya 2: Tengeneza maji ya dozi

Pima gramu 50 za salfeti ya alumini, iyeyushe, kisha ongeza maji safi hadi ifike lita 1. Kila ml 1 ina mg 50, kwa hiyo ml 1 kwenye sampuli ya ml 500 ni dozi ya mg 100 kwa lita. Wengi hutengeneza ya gramu 10 kwa lita, halafu kwa dozi kubwa wanaongeza ml 40 za maji. Hapo rangi inapungua kwa sababu umeizimua, na jaribio linakupa sifa ambazo shabu haijazifanyia kazi.

Kama ulichonacho ni shabu ya mawe, ya potasiamu, alumini yake ni kiasi cha asilimia 5.7, wakati salfeti ya alumini ya fuwele ina kama 8.1. Zidisha dozi kwa 1.4.

Hatua ya 3: Shusha pH kwanza

Hapa ndipo majaribio mengi yanapofia. Alumini hufanya madonge mazuri kati ya pH 5.5 na 7. Juu ya 8.5 hivi huanza kuyeyuka tena kama alumineti, na chini ya 5 hubaki ayoni tupu. Usitegemee shabu yenyewe ishushe pH: mg 1 humaliza takriban mg 0.45 za ualkali (ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu), na magadi soda uliyotia ni mengi kupita hapo.

Tumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa (asidi ndiyo huingizwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi). Tia kidogo kidogo huku ukikoroga, maana kabonidioksaidi itatoka kwa povu. pH itashuka polepole hadi karibu 10, ishuke haraka, kisha isite tena karibu 6.4. Ikifika 6.5 endelea kukoroga dakika 10 ili gesi iishe, halafu pima upya. Kwa kawaida huwa imepanda kidogo.

Limau na asidi ya sitriki ni marufuku hapa. Sitreti hushika alumini na kuizuia kufanya madonge.

Hatua ya 4: Tia dozi na ukoroge

Weka ml 500 za sampuli katika kila bika. Ya kwanza haipati shabu. Itie ml 8 za maji safi. Nyingine tano zipate ml 1, 2, 4, 6 na 8, yaani mg 100, 200, 400, 600 na 800 kwa lita. Zile zilizopata chini ya ml 8 zijazilizie kwa maji safi ili ujazo ulingane.

Koroga kwa nguvu, mizunguko 150 kwa dakika, kwa dakika 1. Kisha punguza hadi 30 kwa dakika 15. Kwa mkono, hiyo ni duara moja kila sekunde 2. Ukikoroga kwa nguvu muda wote unavunja madonge uliyoyajenga. Acha dakika 30 yatuame.

Hatua ya 5: Soma matokeo

Nyonya maji ya katikati ya bika, usiguse chini. Ukiwa na spektrofotomita (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na maji), chuja, mwaga matone ya kwanza (karatasi nayo hunyonya rangi), rekebisha sampuli zote zifike pH moja, kisha soma kwenye urefu wa wimbi ambapo rangi hiyo inafyonza mwanga zaidi. Usomaji ukizidi 1, zimua, na ukumbuke kuzidisha. Asilimia iliyotoka ni usomaji wa mwanzo kutoa wa mwisho, gawanya kwa wa mwanzo, mara 100.

Usipokuwa nayo, tengeneza ngazi ya kulinganisha: sampuli isiyotiwa shabu, iliyozimuliwa mara 2, 5, 10 na 20, yote katika chupa zinazofanana juu ya karatasi nyeupe. Jicho linatosha kuchagua dozi.

Chagua dozi ndogo kuliko zote ambayo baada yake nyongeza haibadilishi kitu. Kisha rudia kwa dozi hiyo katika pH 5.5, 6, 6.5 na 7.

Hatua ya 6: Riaktivu ikigoma

Geukia magnesi. Acha pH ilivyo juu, tia chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) gramu 0.5, 1, 2 na 3 kwa lita, kisha maziwa ya chokaa (chokaa iliyokorogwa majini) hadi pH 11 au zaidi kidogo. Hidroksidi ya magnesi inayoganda hubeba rangi kwenda nayo chini. Chokaa pia itagandisha kaboneti ya magadi, kwa hiyo tope litakuwa jingi. Maji ya juu bado ni makali. Yasawazishe hadi karibu 7 kabla ya kuyatoa.

Tope la njia zote mbili lina rangi na metali. Likaushwe kwenye kitanda cha mchanga chenye sakafu isiyovuja, wala lisichanganywe na mboji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Kwangu madonge yanafanyika vizuri, ila yanapanda juu badala ya kutuama. Shabu mbovu?

Jibu: Shabu haina kosa. Ni gesi ya magadi iliyobaki inayoyapandisha kama maboya. Rudi hatua ya 3, koroga baada ya asidi hadi vipovu viishe. Kama bado, angalia mabaki ya sabuni ya kusuuzia. Nayo hushika hewa.

Swali: Kwa nini tuhangaike hivi? Klorini ya kung'arishia nguo au haidrosalfaiti huondoa rangi kwa dakika chache.

Jibu: Huondoa kuonekana kwa rangi. Haidrosalfaiti hukata kiungo cha azo, yaani kile kinachoipa rangi uonekano wake, na kuacha amini za aromatiki majini, na baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Klorini huzaa misombo ya kaboni na klorini ambayo haiozi kirahisi. Shabu angalau inakitoa kitu chenyewe na kukiweka kwenye tope unaloliona.

Swali: Maabara imenipa COD (kipimo cha oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kikemia) iliyo juu kuliko kabla, na maji ni meupe. Inakuwaje?

Jibu: Ulishusha pH kwa siki, ndugu? Gramu 1 ya asidi ya siki huongeza COD ya gramu 1.07 hivi. Kama hukutumia siki, uliza kuhusu kloridi. Kipimo cha COD kwa dikromati huvurugika kloridi ikizidi mg 2000 kwa lita, na chumvi ya mezani gramu 50 kwa lita ina kloridi kama mg 30,000. Waambie wazimue sampuli. Ukitumia chumvi ya Glauber (salfeti ya sodiamu) badala ya chumvi ya mezani tatizo hilo halipo.

Swali: Yakiwa meupe na pH 7, naweza kumwagilia bustani?

Jibu: Hapana. Chumvi yote bado imo, shabu haiigusi. Pima upitishaji umeme kabla na baada, utaona haujashuka. Sodiamu huharibu muundo wa udongo na kuunguza mizizi.

Swali: Nje ya mada kidogo: fulana za pamba nilizotia rangi zinawasha na hazinyonyi jasho. Nikipunguza suuza ili maji machafu yapungue, si itakuwa mbaya zaidi?

Jibu: Haiko nje ya mada. Kuwasha mara nyingi ni ualkali uliobaki: loweka kipande katika maji safi na upime pH. Kwa nguo inayogusa ngozi, OEKO-TEX Standard 100, kiwango cha usalama wa nguo, hutaka 4.0 hadi 7.5. Suuza ya kwanza iwe ya baridi kutoa chumvi, ya pili uitie asidi ya siki kidogo, ya tatu iwe ya moto karibu na kuchemka, yenye sabuni. Rangi isiyoshika hutoka vizuri zaidi chumvi ikiwa imepungua, kwa hiyo mpangilio huo hutumia maji machache kuliko suuza sita za vuguvugu.

Kutonyonya ni jambo jingine. Angusha tone la maji kutoka sentimita 1 juu ya kitambaa. Mng'ao wa tone upotee ndani ya sekunde 5. Likikaa, mshukiwa wa kwanza ni kilainishi cha silikoni, wa pili ni nta ya pamba ambayo haikuchemshwa ikatoka kabla ya rangi. Pamba yenyewe hubeba unyevu wa asilimia 8.5 katika hewa ya kawaida ya maabara, poliesta 0.4 tu, hivyo pamba isiyonyonya imefunikwa na kitu.