Somo: Kusoma na kuandika faili la namba kwa Octave bila pengo kugeuka sifuri

Somo hili ni la walimu na wanafunzi wa huku Moshi na Arusha mliokuwa mkiuliza namna ya kuingiza vipimo vya mvua kwenye kompyuta na kuvitoa tena vikiwa salama. Nitatumia GNU Octave, programu ya kukokotoa namba. Ni ya bure, ukishaisakinisha haihitaji intaneti, na amri zake nyingi ni zile zile za MATLAB, ambayo ina leseni ya kulipia. John W. Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, na jina ni la mwalimu wake wa zamani, Octave Levenspiel.

Kuna jambo moja nataka lieleweke kuliko mengine yote. Kompyuta haijui tofauti kati ya siku ambayo mvua haikunyesha na siku ambayo hakuna aliyepima. Usipoiambia, itaweka sifuri kotekote, na sifuri hiyo itaingia kwenye wastani wako kimyakimya. Atakayeisoma grafu yako ili apange siku ya kupanda mahindi hataona kasoro yoyote.

Hatua ya 1: Lione faili kwa macho kabla ya Octave

Lifungue kwanza kwa Notepad, si kwa Excel. Excel inakuonyesha ilivyolielewa faili. Notepad inakuonyesha kilichoandikwa. Hili ni faili la mfano, mvua.csv (CSV ni faili la maandishi ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mikato), kipimo kikisomwa kila siku saa 3 asubuhi, mvua kwa milimita na joto kwa nyuzi:

mwaka,mwezi,siku,mvua,joto
2023,4,1,12.4,20.1
2023,4,2,0,21.3
2023,4,3,,20.8
2023,4,4,31.6,19.7
2023,4,5,8.0,19.9

Tazama mstari wa tarehe 3. Kuna mikato miwili inayofuatana, katikati hakuna kitu. Siku hiyo chombo kiliangushwa, maji yakamwagika, na aliyepima akaacha nafasi wazi. Alifanya vyema. Tarehe 2 aliandika 0 kwa sababu alikwenda, akatazama, akakuta chombo kikavu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na kazi yetu yote ni kuzifikisha mwisho wa safari zikiwa bado mbili.

Angalia pia kama tarehe imegawanywa katika mwaka, mwezi na siku. Ukiandika 03/04/2023 ndani ya safu moja, amri ya kusoma namba haitaielewa, na hata msomaji wa kawaida atajiuliza kama ni Machi au Aprili. Gawanya tangu mwanzo.

Wenye kompyuta za mtumba kutoka Ulaya, angalieni mara mbili. Nyingine bado zina mpangilio wa kule, kwa hiyo Excel inaandika 12,4 badala ya 12.4 na inatenganisha safu kwa nukta-mkato. Rekebisha ndani ya Notepad: kwanza badilisha kila mkato uwe nukta, halafu kila nukta-mkato uwe mkato. Ukianza na la pili, mikato yote itachanganyika na hutaweza kuitenganisha tena.

Hatua ya 2: Octave iko folda gani?

Andika pwd. Itakutajia folda iliyomo. Kama faili haliko humo, hamia liliko kwa amri ya cd. Basi.

Hatua ya 3: Soma

d = dlmread("mvua.csv", ",", 1, 0);

Ile 1 na 0 za mwisho zinasema: ruka mstari mmoja wa vichwa, usiruke safu yoyote. Hapa hesabu inaanza na sifuri, ingawa ukishaingia ndani ya Octave safu ya kwanza inaitwa 1. Wengi hujikwaa hapa wakapoteza siku ya kwanza ya data bila kujua.

Sasa omba wastani wa mvua, yaani wa safu ya 4 ya jedwali d, mistari yote:

mean(d(:,4))

Jibu ni 10.400. Linapendeza, na si sahihi. Omba d(3,4) uone: utapewa 0. Lile pengo limeshakuwa siku kavu. Octave haijakosea, maana maelezo yake yanasema wazi kwamba pasipo na kitu itaweka sifuri usipoagiza vinginevyo, na kwamba maneno yaliyokaa mahali pa namba yatatendewa hivyo hivyo. Kwa hiyo agiza vinginevyo:

d = dlmread("mvua.csv", ",", 1, 0, "emptyvalue", NaN);

NaN ni alama ya kusema “hapa hakuna namba”. Ukiomba mean(d(:,4)) sasa, jibu ni NaN. Usikasirike, kwa sababu programu inakukatalia kujumlisha usichokijua, na ndivyo inavyotakiwa. Chagua siku zilizopimwa, yaani zisizo na NaN (alama ya ! ni “si”):

vipo = !isnan(d(:,4));
mean(d(vipo,4))

Jibu ni 13. Milimita 52 kwa siku nne zilizopimwa, si kwa tano. Tofauti ya 10.4 na 13 imetokana na pengo moja ndani ya siku tano. Fikiria msimu mzima wa masika kwenye miteremko ya Kibosho, ambako njia ikiteleza mpimaji hukaa nyumbani, yaani mapengo yanaangukia hasa siku za mvua kubwa.

Kila unapotoa wastani, taja pamoja nao idadi ya siku zilizokosekana: sum(isnan(d(:,4))). Wastani usio na idadi hiyo siuamini, hata ukiletwa na mtu ninayemheshimu.

Waliozoea MATLAB wajue kwamba tangu toleo la R2019a kuna amri ya readmatrix, ambayo yenyewe huweka NaN penye pengo. Lakini dlmread na csvread za kule nazo hujaza sifuri.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kufurahi

size(d) ikupe 5 5. Ikikupa safu sita, kuna mkato umezidi mahali. Halafu min(d) na max(d), ambazo huruka NaN zenyewe. Mwezi ukizidi 12 au joto la asubuhi likiwa 208, kuna aliyesahau nukta. Jumla ya kila mwezi unaipata hivi:

accumarray(d(vipo,2), d(vipo,4), [12 1])

Itakupa mistari 12. Miezi isiyo na kipimo hata kimoja itaonyesha 0, kwa hiyo mtego ni ule ule umerudi kwa mlango mwingine. Hesabu pia siku zilizopimwa kila mwezi, kwa kuweka 1 badala ya d(vipo,4) katika amri hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Andika faili jipya, la zamani usiliguse

Faili la asili liache lilivyo, makosa yake yakiwemo. Kilichosafishwa kipe jina lake:

f = fopen("mvua_safi.csv", "w");
fprintf(f, "mwaka,mwezi,siku,mvua,joto\n");
fprintf(f, "%d,%d,%d,%.1f,%.1f\n", d');
fclose(f);

Ile alama ya ' baada ya d usiisahau. fprintf huchukua namba kwa kushuka safu, si kwa kufuata mstari. Bila kuligeuza jedwali utapata miaka mitano imepangwa mstari mmoja kana kwamba ni siku, mvua na joto. Na fclose isipoandikwa, mistari ya mwisho inaweza kubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kufika kwenye faili. Umeme ukikatika hapo, imepotea.

Kama huhitaji vichwa, dlmwrite("mvua_safi.csv", d, ",") inatosha. Ila kwa MATLAB angalia: dlmwrite ya kule, usipotaja usahihi, huandika tarakimu tano tu zenye maana. Shilingi 1234567 zinakuwa 1.2346e+06, yaani 1234600. Octave huandika hadi tarakimu 16.

Kwa matumizi yako mwenyewe, save -text kazi.txt d ni nzuri sana, kwa sababu juu ya namba inaandika jina la jedwali, idadi ya mistari na ya safu, na load kazi.txt inarudisha kila kitu pamoja na NaN zake. Kwa mwenzako wa MATLAB tumia save -v7 kazi.mat d.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa sekondari, Machame: Habari za kazi, mwalimu. Kwetu Jumapili hakuna anayekwenda kwenye kipima mvua. Jumatatu tunakuta maji ya siku mbili. Jumapili tuiache wazi?

Nzuri, mwalimu mwenzangu. Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Ukiacha Jumapili wazi na kuandika milimita 31.6 Jumatatu, kisha ukafuata njia yangu ya kuondoa NaN, wastani utapanda isivyo halali, maana maji ya Jumapili yamo humo. Ukiweka 0 Jumapili, wastani utatoka sawa, lakini utakuwa umetangaza siku kavu ambayo huenda haikuwa kavu, na siku yenye mvua kubwa kuliko ilivyonyesha. Ongeza safu ya sita, iite siku_ngapi: Jumatatu andika 2, siku nyingine 1. Wastani wa siku ni sum(d(vipo,4)) / sum(d(vipo,6)). Na unapotafuta siku yenye mvua kubwa kuliko zote, tumia tu mistari ambayo safu ya sita ni 1. Chombo kikimwagika, hilo ni pengo la kweli, liache wazi kama kwenye somo.

Mwanafunzi, Tengeru: Shikamoo mwalimu. Inaniambia unable to open file 'mvua.csv' na faili naliona hapo hapo kwenye folda!

Marahaba. Windows huficha mkia wa jina. Ulipohifadhi kwa Notepad faili likawa mvua.csv.txt, nawe unaona mvua.csv. Andika ls ndani ya Octave, itakuonyesha jina zima. Unapohifadhi, chagua aina “faili zote” ndipo uandike jina. Na kwenye programu zako usisahau kukagua: fopen ikishindwa hurudisha -1, haipigi kelele.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Uru: Mwalimu, mimi si mvua, ni kahawa. Malipo ya wakulima yako Excel kama 1,250,000 na namba zao kama 0047. Nikisoma kwa Octave safu zinavurugika na 0047 inakuwa 47.

Karani, pole na msimu. Excel ikihifadhi CSV huandika kile kinachoonekana kwenye seli, pamoja na mikato ya maelfu. dlmread inaona mikato hiyo kama mipaka ya safu, ikakata malipo vipande vitatu. Kabla ya kuhifadhi, ondoa mpangilio wa maelfu kwenye safu hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, kilo 48.375 ukizionyesha kama 48.4, CSV itabeba 48.4, na gramu 375 za mkulima zimegeuka 400. Onyesha desimali zote kwanza. Kuhusu 0047, namba kwa Octave haina sifuri za mbele. Isome kama 47, na unapoandika tumia %04d itoke 0047. Namba za simu za kulipia usizipitishe huku kabisa, ziache kwenye faili lako la majina na uziunganishe mwishoni kwa namba ya mkulima.

Mwanachama, Arusha: Tunapima floridi kwenye visima vya chini ya Meru. Maabara wakikosa kiasi cha kutosha kupimika wanaandika <0.1. Niweke 0.1, 0, au niache wazi?

Usiache wazi, dada, kwa sababu kipimo kilifanyika. Usiweke 0 pia, maabara hawakusema hakuna. Na ukiacha <0.1 kama ilivyo, dlmread itaiona ni maneno na kuigeuza NaN pamoja na visima ambavyo havikupimwa. Tumia safu mbili: thamani, andika 0.1, na chini_ya, andika 1 kama ilikuwa na alama ya <, vinginevyo 0. Kwa swali la visima vingapi vinazidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, havitakusumbua, kwa kuwa vyote viko chini. Kwa wastani, piga hesabu mara mbili, mara moja ukitumia 0 na mara moja 0.1, uone majibu yanaachana kiasi gani. Yakiachana sana, toa yote mawili kwenye ripoti, na uandike ni visima vingapi vilikuwa na 1 kwenye safu ya chini_ya.