Biti ya singeli kwa treka: kazi yote iko kwenye kukata lupu

Dogo mmoja wa Manzese alitaka kutengeneza singeli kwa laptopu ya RAM 2GB, ile ambayo programu kubwa za muziki huigandisha hata kabla hazijafunguka. Nikamwekea OpenMPT, ambayo ni treka: programu ya kupanga sampo mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Ni ya bure, ni nyepesi, haina habari za kutafuta kreki. Treka zilianza mwaka 1987 kwenye kompyuta za Amiga zenye chaneli nne tu za sauti, kwa hiyo hata laptopu iliyochoka inazimudu. Watakaokwambia bila FL Studio hutoboi, waache na mabando yao.

1. Fungua faili jipya la aina ya IT. Tempo 240, Speed 6. Singeli inakimbia kati ya mapigo 200 na 300 hivi kwa dakika. 240 nimeichagua kwa ajili ya hesabu ya hatua ya tatu.

2. Tafuta sampo (vipande vya sauti): kiki, yaani dundo zito la ngoma, makofi, na kipande cha kinanda cha taarabu au mchiriku cha mapigo manne, pasipo na mwimbaji. Kama ni wimbo wa mtu, muombe kabla hujauachia.

3. Sasa lupu, yaani kile kipande cha mapigo manne kinachozungushwa. Hapa tulikesha.

Amri ya Oxx (xx ni namba unayoiweka) inaanzisha sampo katikati, ila inaruka kwa mafungu ya nukta 256 (nukta ni chembe ndogo za sauti zinazounda sampo), na namba zake ni za heksadesimali: baada ya 9 inakuja A hadi F, ndipo 10. Lupu ikiwa na urefu wa ovyo, vipande haviangukii mwanzo wa pigo. Unasikia kiki isiyo na kichwa.

Dawa ni kuipa lupu nukta 65,536. Gawa kwa mistari 16, kila mstari unapata 4,096, ambazo ni mafungu 16 ya 256, yaani 10 kwa namba za treka. Basi vipande vyako ni O10, O20, O30 hadi OF0. Hakuna kubahatisha.

Kata lupu kuanzia kichwa cha kiki ya kwanza hadi kabla tu ya pigo la tano. Angalia ina nukta ngapi, kisha piga hesabu: 44,100 × 65,536 ÷ urefu huo (kama sampo yako ni ya 44,100). Lupu ya kasi ya 120 inachukua sekunde 2, nukta 88,200; jibu ni 32,768. Bonyeza Resample, andika jibu lako. Ikitoka 65,535 au 65,537 si neno.

Kisha kwenye kisanduku cha Freq andika 65536. Noti ya C-5 sasa inaimaliza lupu kwa sekunde 1, sawasawa na mistari 16 ya tempo 240. Kwa lupu hiyo ya 120, kinanda kinapanda oktavu nzima, na ndicho kisauti tunachokitaka. Usiguse kabisa zile njia za kuongeza kasi bila kupandisha sauti. Zinalainisha kiki mpaka inakuwa uji.

Tempo nyingine? Freq ni 65,536 × tempo ÷ 240. Kwa 220 weka 60075.

"Kaka, mbona inarudia palepale?" Alikuwa ameandika O00. Hiyo hairudi mwanzo, inarudia namba ya O iliyopita. Ukitaka mwanzo, andika C-5 peke yake. Pia O bila noti haifanyi kitu, na noti iwe C-5 kila mara, la sivyo kasi inahama.

4. Panga. Iache lupu izunguke mara moja, kisha ivuruge: O80 mara tatu mfululizo kwa kigugumizi, halafu OC0. Kiki chaneli yake, makofi chaneli yake.

5. Kwenye makofi weka amri ya Q03 yagonge mara mbili kwa mstari, Q02 mara tatu. Usiyamwage kila mahali, MC naye anataka kupumua.

6. Toa WAV ukaisikilize kwenye spika za vigodoro, maana laptopu haina besi. Faili la IT litunze: sampo zote zimo ndani, unamtumia mwenzako kwa WhatsApp anaendelea ulipoishia.